SOMO LA ORDINATERI: NANI ANACHAGUA PROGRAMU YA KUFUNGUA FAILI?



Katika somo hili tunataka kujibu ulizo moja lenye kurudi kila juma mu chumba cha ordinateri. Ulizo ni hili: «Jana nilifinya faili ya masomo yangu, ikafunguka vizuri. Leo ninafinya ile ile, inafunguka mu programu ingine yenye mimi sijui. Nani amebadilisha?» Wengine wanaongeza ya kama walifwata shauri la rafiki, lakini ku mashini yao ile njia haiko, kwa sababu rafiki anatumia Linux ya sura ingine.

Ulizo hili si la mchezo. Mufano: faili ya PDF ya masomo inaweza kufunguka mu GIMP, ni kusema mu programu ya kutengeneza picha. Mwanafunzi anaona kila ukurasa umekuwa picha, maneno hayashikiki tena, anafikiri: «Faili yangu imeharibika.» Anaifuta. Kumbe faili ilikuwa nzima kabisa! Programu tu ndiyo haikuwa yake. Tena kuna hatari ya pili: mwingine anafungua PDF mu LibreOffice Draw, maandiko yanasogea kwa sababu mashini haina herufi zenye kutumiwa na mwandishi, naye anahifadhi juu ya ile ya kwanza. Huyo, ndiyo, ameharibu kazi. Kwa hiyo inafaa kila mutu ajue jambo hili, hata yule anayekuja ku mashini mara moja kwa juma.

Tutaligawanya somo kwa sehemu tano.

I. FAILI HAIJUI PROGRAMU YAKE

Wengi wanazani ya kama faili inabeba ndani yake jina la programu yenye kuifungua. Sivyo. Faili iko tu maandiko na namba. Ni mashini ndiyo inaangalia faili, inaitambua ni ya aina gani, kisha inatafuta programu yenye kuwekwa kwa aina ile.

Mashini inatambua aina namna gani? Kwanza inaangalia mwisho wa jina: .pdf, .png, .odt, .csv. Kama jina halisemi kitu, inaangalia herufi za mwanzo ndani ya faili yenyewe. Kwa mufano, faili ya PDF inaanza na alama %PDF. Basi hata faili isiyo na mwisho wa jina inaweza kutambulika.

Kisha mashini inaipa ile aina jina lenye sehemu mbili na mustari wa kulala katikati:

application/pdf : kitabu ao karatasi ya PDF
image/png : picha ya PNG
text/plain : maandiko matupu
text/csv : hesabu zenye kutengwa kwa mikato
application/vnd.oasis.opendocument.text : barua ya LibreOffice

Namna hii ya kuita aina za faili inaitwa MIME. Ilitoka mwaka 1992 kwa kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed, nao walikuwa wanatafuta njia ya kutuma picha na sauti katika barua za intaneti, maana mbele yake zile barua zilibeba paka maandiko. Leo jina lile lile linatumika hata ku mashini isiyo na intaneti.

Tena si faili tu zenye kuwa na aina. Folda iko na jina lake: inode/directory. Anwani ya intaneti iko na jina lake: x-scheme-handler/https. Anwani ya barua nayo: x-scheme-handler/mailto. Kwa hiyo kuchagua programu ya kurasa za intaneti ni kazi ile ile ya kuchagua programu ya PDF.

Ile programu yenye kufungua aina fulani pasipo kuulizwa, sisi tutaiita «programu ya kawaida». Iko sawa na mwanafunzi wa zamu. Wengine pia wanaweza kufagia darasa, lakini zamu ni ya mumoja, na jina lake limeandikwa ku ukuta.

II. SABABU GANI MEZA ZIKO NYINGI?

Linux yenyewe ni moyo wa mashini. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Universite ya Helsinki, mu inchi ya Finland. Lakini Linux peke yake haina dirisha wala kitufe cha kufinya. Vitu vile vinaletwa na «meza ya kazi», na meza zilitengenezwa na watu mbalimbali.

Mwaka 1996, Matthias Ettrich wa Ujerumani alianzisha KDE. Mwaka ule ule Olivier Fourdan wa Ufaransa alianzisha Xfce, yenye kupendwa ku mashini zee kwa sababu haili nguvu nyingi. Mwaka 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wawili wa Meksiko, walianzisha GNOME. Mwaka 2011 GNOME ilibadilisha sura yake sana. Watu wasiopenda ile sura mupya wakatengeneza MATE na Cinnamon.

Mwanzoni kila meza ilikuwa na desturi yake. Programu ya KDE haikujua mambo ya GNOME, na mutu aliyehama meza alianza tena kila kitu. Mwaka 2000, Havoc Pennington alianzisha freedesktop.org, mahali pa watengenezaji wa meza mbalimbali kupatana. Kundi lile liliitwa kwanza X Desktop Group, na kwa hiyo amri nyingi tutakazoona chini zinaanza na herufi xdg. Hawakulazimisha meza zote ziwe moja. Walipatana tu juu ya mambo yenye kugusa wote, na moja la mambo yale ni hili letu: mahali pa kuandika programu ya kawaida.

III. KILA MEZA NA MULANGO WAKE

Sasa tuone namna ya kuchagua kwa kipanya. Maneno ya menyu tunayaandika kwa Kifaransa, maana ndivyo mashini nyingi za kwetu zinavyosema.

1. GNOME. Mufinye faili kwa kitufe cha kuume cha kipanya, muchague «Ouvrir avec». Dirisha linaonyesha programu. Muchague moja, kisha muwashe kile kitufe chenye kusema itumike siku zote kwa aina hii ya faili. Pasipo kukiwasha, mutafungua mara hii tu, na kesho itarudi ile ya zamani. Kwa mambo makubwa, kama kurasa za intaneti, barua, muziki na picha, muende ku «Paramètres», mutafute «Applications par défaut».

2. KDE. Mu mipango ya mfumo kuna sehemu mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni programu za kawaida za kazi kubwa: intaneti, barua, folda. Ya pili ni orodha ndefu ya aina zote za faili, na pale mutaona programu zimepangwa moja chini ya ingine. Ile ya juu ndiyo ya kawaida. Mukiipandisha ingine juu, mumebadilisha zamu.

3. Xfce. Mufinye faili kwa kitufe cha kuume, mufungue «Propriétés», na pale kuna nafasi ya kuchagua programu ya kufungua. Kwa programu ya intaneti, barua na terminali, mutazame mu mipango ya Xfce. Hapa kuna jambo la kuangalia: Xfce inaandika chaguo la programu hizi kubwa mu faili yake yenyewe, ~/.config/xfce4/helpers.rc. Kwa hiyo mutu akihama kutoka Xfce kwenda meza ingine, asishangae kama terminali yake haikumufwata.

4. MATE na Cinnamon. Ziko na dirisha la programu zenye kupendelewa mu mipango yao, na «Propriétés» ya faili inafanya kazi karibu sawa na Xfce.

Munaona ya kama milango iko tofauti. Mutu anayejifunza mulango wa GNOME kwa kichwa atapotea ku KDE. Ndiyo maana tunawaomba musikomee hapa. Sehemu yenye kufwata ndiyo ya maana kupita zote.

IV. ORODHA MOJA NYUMA YA MILANGO YOTE

Karibu milango yote hii inaingia mu chumba kimoja. Ukichagua programu ya PDF mu GNOME, ao mu KDE, ao mu Xfce, chaguo lako linaandikwa mu faili moja ndogo ya maandiko matupu:

~/.config/mimeapps.list

Ile alama ~ maana yake ni folda yako mwenyewe, si ya mwenzako. Folda .config imefichwa kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Mu GNOME na mu Xfce mutaiona mukifinya Ctrl na H pamoja. Ndani ya orodha mutasoma maneno kama haya:

[Default Applications]
application/pdf=org.gnome.Evince.desktop;atril.desktop;
text/csv=libreoffice-calc.desktop
x-scheme-handler/https=firefox.desktop

Mustari wa pili unasema: «PDF ifunguliwe na Evince, kama Evince haiko ku mashini hii, basi Atril.» Majina yenye kuishia na .desktop ni kama karatasi za utambulisho za programu. Kila programu ikiwekwa ku mashini inaleta karatasi yake, mara nyingi mu /usr/share/applications. Ndani ya karatasi kuna mustari wenye kuanza na MimeType=, na pale programu inajitangaza: «Mimi ninaweza kufungua aina hizi.» GIMP inajitangaza kwa PDF. LibreOffice Draw vilevile. Hazisemi uongo, kweli zinaweza, lakini kwa kusoma tu si hizo tunazitaka.

Orodha inaweza kuwa na sehemu mbili zingine. [Added Associations] ni ya kuongeza programu kwa aina ambayo haikujitangaza yenyewe. [Removed Associations] ni ya kuondoa programu isionekane tena kwa aina fulani.

Sasa lile ulizo la mwanzo: sababu gani mutu mumoja, mashini moja, faili moja, lakini ku GNOME inafunguka hivi na ku KDE inafunguka vile? Jibu liko katika utaratibu wa kutafuta. Meza inauliza kwa zamu:

Kwanza, wewe mwenyewe: folda yako ~/.config.
Pili, mwenye kutunza mashini: folda /etc/xdg.
Tatu, wale waliotengeneza mfumo: folda /usr/share/applications.

Na mu kila mahali, meza inatazama kwanza kama kuna orodha yenye jina lake, kwa mufano gnome-mimeapps.list ao kde-mimeapps.list, kisha inasoma mimeapps.list ya wote. Jibu la kwanza lenye kufaa linashinda.

Basi, kama wewe hukuchagua kitu, GNOME inashuka mpaka chini, inakuta orodha ya watengenezaji wa GNOME, inafungua programu ya GNOME. KDE nayo inashuka, inakuta mambo ya KDE, inafungua Okular. Hakuna aliyekuibia chaguo lako, hukuwa nalo. Lakini ukiandika mustari mumoja mu orodha yako, neno lako linasikiwa mbele ya neno la watengenezaji, ku meza zote. Hapo ndipo nguvu ya somo hili: mwenye kunyamaza anachaguliwa na wengine.

Kuna sababu ya pili ya mambo kubadilika: programu yenyewe inaweza kuondoka. Kwa miaka mingi GNOME ilisoma PDF kwa Evince. Katika GNOME 49, ya mwaka 2025, Papers ilichukua nafasi yake. Kama orodha yako inaita programu yenye haiko tena, meza inairuka na kutafuta ingine yenye kujitangaza, na pengine ile ya kwanza kukutana nayo ni GIMP.

V. AMRI ZA TERMINALI ZENYE KUFAA KU MEZA ZOTE

Mwenye kujua amri hizi hahitaji kujua milango yote. Mufungue terminali, muandike polepole, na kila amri mumalize kwa kufinya Entrée.

Kuuliza aina ya faili:
xdg-mime query filetype somo.pdf
Jibu: application/pdf

Kuuliza nani yuko ku zamu:
xdg-mime query default application/pdf
Jibu ni jina la karatasi, mufano gimp.desktop. Ndiyo, mugonjwa ameonekana!

Kuweka mwingine:
xdg-mime default atril.desktop application/pdf

Kisha muulize tena kwa ile amri ya pili, mupate uhakika. Musiandike «atril» tu. Lazima jina zima la karatasi. Kama hamujui jina, muandike ls /usr/share/applications na mutafute. Programu zenye kuwekwa kwa njia ya Flatpak karatasi zao mara nyingi ziko mu /var/lib/flatpak/exports/share/applications.

Kwa programu ya kurasa za intaneti kuna amri yake:
xdg-settings get default-web-browser
xdg-settings set default-web-browser firefox.desktop

Hapa tena muangalie jina: ku Debian mara nyingi ni firefox-esr.desktop, na ku Ubuntu ya siku hizi ni firefox_firefox.desktop. Programu ni ile ile, karatasi ndiyo tofauti.

Na kwa kujaribu:
xdg-open somo.pdf
Amri hii inafungua faili sawa vile mungeifinya kwa kipanya.

Neno moja la kuongeza. Firefox iko na mipango yake ya ndani. Tangu Firefox 19, ya mwaka 2013, inasoma PDF yenyewe pasipo kuuliza meza. Kwa hiyo kama PDF ya intaneti inafunguka ndani ya Firefox hata kisha kubadilisha orodha, orodha yenu haikukataa, Firefox haikuiuliza. Chaguo lile linabadilishwa mu mipango ya Firefox.

JUU YA MASHINI YA WATU WENGI

Kama kila mutu yuko na jina lake la kuingia, kila mutu yuko na orodha yake. Chaguo la mumoja halimugusi mwingine, na hakuna ruhusa ya kuomba kwa mwenye kutunza mashini. Lakini pale darasa zima linaingia kwa jina moja, orodha ni moja tu. Yule anayejaribu programu mupya saa nne na kufinya «siku zote», amebadilisha kwa wote wenye kuja saa sita, hata kwa mwalimu anayetaka kuonyesha somo lake. Hakufanya ubaya wa kusudi. Hakujua tu ya kama anaandika mu daftari la wengine.

Kwa hiyo, ku mashini ya jina moja, tunashauri mambo matatu. Kwanza, mukitaka kujaribu programu, mufungue mara moja tu, pasipo kuwasha kitufe cha siku zote. Pili, darasa lipatane programu moja kwa kila aina, PDF, picha, hesabu, barua, na majina yaandikwe ku karatasi karibu na mashini. Tatu, mutunze nakala ya orodha nzuri:

cp ~/.config/mimeapps.list ~/mimeapps-nzuri.list

Siku mambo yakivurugika, mutairudisha kwa kugeuza amri ile, jina la pili mbele, la kwanza nyuma. Ni kazi ya dakika moja.

Na kupita yote: faili ikifunguka mu sura ya ajabu, musihifadhi, musifute. Mufunge dirisha. Muulize kwanza nani yuko ku zamu. Mara nyingi kazi yenu iko pale nzima, inangoja tu mulango wake.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Mashini inatambua aina ya faili kwa njia gani mbili?
2. Neno .desktop katika atril.desktop maana yake nini?
3. Orodha yako na orodha ya /usr/share/applications zikisema tofauti, gani inashinda? Sababu gani?
4. Mukifinya folda, inafunguka mu programu ya muziki. Mutauliza aina gani kwa xdg-mime query default?
5. Mwenzako wa KDE anakuomba musaada, nawe unajua paka Xfce. Utaanza wapi?

Majibu muyatafute ku mashini yenyewe, wawili wawili, mumoja akiandika na mwingine akisoma.